Kisu Kilichopitishwa Kuwa Robo

Gunia la sukari likiisha vizuri hujilaza lenyewe chini, kama ndama aliyeshiba. Genoveva alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa mgawaji, na kila sukari ilipoletwa kutoka Katesh yeye ndiye aliyelishika gunia masikio, akalikung'uta mpaka vumbi la mwisho, akachukua robo yake baada ya watu wote kuchukua zao. Mgawaji hula mwisho. Hilo hakufundishwa na Ujamaa. Alikuja nalo kutoka kwao.

Kwao ni Tlawi, juu huko Mbulu, ambako ukungu hukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Nyumbani walikuwa watoto wengi kuliko vigoda. Baba yao alipochinja mbuzi alimwita Genoveva agawe nyama, si kwa sababu alikuwa mkubwa, bali kwa sababu nyama iliyopita mikononi mwake haikuleta ngumi. Alikuwa na jicho. Akitazama mafungu mawili alijua lipi limezidi, hata kama limezidi kwa kipande cha kumpa paka. Masista walimsomesha mpaka darasa la nne, wakaona anafaa kuendelea. Baba yake akaona anafaa kuolewa. Mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa, yeye akateremshwa Hanang kwa Kasian, na alipenda kusema kwamba nchi ilipata Uhuru siku zile zile yeye alipopata mume, ila nchi ndiyo iliyofaidi zaidi.

Si kwamba Kasian alikuwa mume mbaya. Alilima, hakupiga mtu, na ng'ombe wake walimpenda. Alikuwa na mambo mawili tu yaliyomchosha mke wake. La kwanza, aliheshimu kamati kuliko mvua. La pili, kisu.

Kilikuwa kisu cha kukunja, na baba yake ndiye aliyerudi nacho kutoka vita vya Burma. Ubapa wake ulikuwa mpana kama jani la mpera. Mpini ulikuwa na mbavu mbili za shaba, nyuma yake msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba, na mwishoni pete ya chuma. Mzee alikuwa ameikata shaba ile mikato mitatu, miwili mirefu na mmoja mfupi katikati, alama ile ile aliyowakata ng'ombe wake masikioni, ili askari wenzake wasikichukue. Aliporudi nyumbani aliuvisha mpini wote ngozi ya ndama, maana shaba ilimuuma kiganja asubuhi za baridi. Genoveva alipokuwa bibi arusi mpya, mzee aliifunua ngozi kidogo akamwonyesha mikato.

"Ukiiona hii popote, mwanangu," alimwambia, "ujue ni ya kwetu."

Mzee alipofariki, kisu kikaingia mfuko wa kulia wa Kasian na hakikutoka tena. Uzito wake ulimvuta. Kasian akija kwa mbali ulimjua kabla hujamwona uso, kwa bega la kulia lililoshuka kama paa la upande mmoja. Genoveva akiwa shambani aliliona bega lile linapanda kilima, akasema, "Haya, mwenye njaa anakuja," akaenda kukoroga ugali.

Kisha ikaja Operesheni ya vijiji. Watu wakahamishwa, nyumba zikapangwa kwa mistari karibu na Gendabi, na kijiji kipya kikapewa duka lake. Duka lilikuwa na rafu, mlango, na kufuli kubwa kuliko mali iliyokuwemo. Kitu kimoja hakikuwepo: mawe ya mizani. Yalibaki kwenye duka la zamani, Gitting. Mwenyekiti wa kijiji, Nikolausi, akaenda kuyaomba, akamchukua Genoveva aliyekwisha kuchaguliwa mgawaji, na Kasian akafuata kwa sababu hakupenda jambo la kamati limpite.

Muuza duka wa Gitting aliwakaribisha vizuri akawanyima. Mawe ni yake, alisema, na yeye pia ana kijiji. Wakati wanaume wanabishana, Kasian, kwa mchezo tu, akatoa kisu chake akakilaza kwenye sahani ya mizani. Upande wa pili lilikuwepo jiwe la robo kilo. Ule mkono wa mizani ulitikisika mara mbili tatu, ukatulia sawasawa. Nikolausi aliinama akatazama kutoka kushoto, akatazama kutoka kulia.

"Ndugu Kasian," alisema taratibu, "unatembea na robo mfukoni."

Waliporudi, kamati ikakaa. Ikaamua kwa kauli moja kwamba kisu cha ndugu Kasian kipitishwe kuwa robo ya kijiji. Ikachongwa mizani ya mti mgumu wa porini, ikatobolewa katikati, ikaning'inizwa vifuniko viwili vya makopo, na kisu kikaanza kazi.

Tangu siku hiyo Kasian hakukaliwa karibu. Siku ya sukari alivaa shati la kwenda misani. Mkono mwingine haukuruhusiwa kugusa, hata wa mke wake. Alikitoa mwenyewe, akakionyesha upande huu na upande huu kama padri anayeonyesha kitabu, akakilaza kwenye kifuniko, ndipo Genoveva aanze kumimina sukari upande wa pili. Watu walizoea. Watoto wakitumwa nyumba ya jirani kuazima sukari walisema, "Mama anaomba nusu kisu."

Lakini kisu kinachoheshimika hupasua mfuko sawasawa na kisu kisichoheshimika. Kila wiki mfuko wa Kasian ulitoboka, na kila wiki Genoveva aliushona. Uzi ulikuwa adimu siku zile. Aliposhona kwa uzi wa dukani mpaka ukaisha, alifumua nyuzi za magunia. Zilipoisha hizo alishona kwa ukano wa ng'ombe, na ukano nao ukaachia. Jioni moja akaiweka suruali mapajani mwa mume wake.

"Baba Emilian, chagua. Kisu kipungue uzito, au mfuko niushone mdomo."

"Kisu cha baba hakipunguzwi."

"Basi mfuko utapungua."

"Nitaweka wapi mikono nikisimama kwenye mkutano?"

"Utaishika kama mtu anayesikiliza. Itakusaidia."

Kasian aliichukua suruali akaikunja, na mke wake akadhani ameshinda. Kwa kweli alikuwa ameshinda kuliko alivyojua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Haya yanayofuata yeye aliyajua baadaye, lakini mahali pake ni hapa.

Ng'ambo ya kijito lilikuwepo boma la Gidamis, mhunzi. Watu wake ni wafugaji wa nyanda za Hanang, na ukoo wake tangu mababu ni wa kufua chuma: mikuki, kengele za ng'ombe, bangili za wanawake. Wakati wa Operesheni hakuhamia kijijini. Waliokuja kumhamisha walimkuta na moto unawaka, wakaona bora wamwache kwanza upoe, na moto wa mhunzi haupoi. Kwa hiyo nyumba yake haikuhesabiwa kijijini, na sukari ya kijiji haikuvuka kijito.

Kasian alimwendea asubuhi mapema, akijifanya anatafuta ndama.

"Kipunguze," alisema, akimpa kisu.

"Nipunguze nini? Makali?"

"Uzito."

Gidamis alikirusharusha kiganjani. "Watu huniletea vitu niviongeze. Jembe limeisha, liongeze. Panga limeisha, liongeze. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea kitu kizima ukiomba kiishe."

"Kisiishe. Kibaki vile vile, ila kisiwe kizito."

"Kama mwenye ng'ombe anayetaka ng'ombe wake akonde ila asipungue."

"Hivyo hivyo," Kasian akasema, bila kucheka. "Na mtu asijue. Nimewatangazia watu kwamba kisu cha baba hakiguswi na mkono mwingine. Wakisikia kimelala kwenye mvukuto wako, nitapita njia gani?"

Gidamis alifumua ngozi ya ndama polepole, akaisokota pembeni. Aligonga misumari midogo ya mpini ikatoka, akazibandua zile mbavu mbili za shaba kama mtu anayemenya muwa. Mahali pake akapachika vipande vya mti mwepesi, alivyovikwangua mpaka vikawa kama maganda. Msumari wa nyuma akaukata kwa tupa, na pete ya mwishoni akaitoa. Hata ubapa hakuuacha. Aliusugua mgongo ukawa mwembamba. Kisha akailowesha ngozi, akairudisha, akaishona palepale matundu yalipokuwa. Ilipokauka ilibana, na kisu kikawa kisu kile kile kwa macho.

"Malipo?" Kasian aliuliza, akiwa tayari kutaja mbuzi mdogo.

"Kwangu kinachobanduka kinabaki. Shaba ni yangu. Hivi vichuma chukua, havina sura."

Kasian akavichukua msumari na pete, akaenda kuvichomeka kwenye nyasi za paa lake. Kisu akakitia mfukoni, akapiga hatua kadhaa, akasimama na kujipapasa akidhani amekisahau kwa mhunzi. Alirudi nyumbani bega limenyooka.

Wiki ikapita, na nyingine. Mfuko haukupasuka. Genoveva aliamini ushonaji wake umekomaa. Wanawake kisimani walimwambia mume wake anaonekana kijana siku hizi, kama mtu aliyepona ugonjwa, naye akaringa kidogo, akafikiri labda ni maziwa.

Ikafika siku ya sukari. Kasian alivaa shati, akaonyesha kisu upande huu na upande huu, akakilaza. Genoveva akamimina, mti ukasimama sawa, akamwaga kwenye kibuyu cha wa kwanza, na wa pili, na wengine wote. Wachache walitazama vyombo vyao mara mbili, lakini nani haoni sukari yake ni kidogo? Mtu mwenye hamu hana kipimo. Mwisho Genoveva akajipimia robo yake, akashika masikio ya gunia alikung'ute.

Gunia halikulala. Lilikuwa limeketi kitako, tumbo nje, kama mzee aliyemaliza kula na bado ana maneno.

Kwanza watu walifurahi. Mmoja alisema ni baraka, mwingine akasema Katesh wamekosea kupakia. Kisha Ludovika, jirani wa Genoveva nyumba ya tatu, akaweka kibuyu chake chini. Ludovika alikuwa mtu wa kusema jambo taratibu, na jambo alilosema taratibu ndilo lililokaa.

"Mimi sikusoma na masista," alisema. "Naomba kuelezwa tu. Gunia ni lile lile. Nyumba ni zile zile. Leo imebaki. Siku nyingine ilikuwa inabaki wapi?"

"Ilikuwa haibaki, dada," Genoveva akasema.

"Ndiyo nasema. Ilikuwa haibaki mbele yetu."

Mwenyekiti Nikolausi alikohoa, akasema gunia lifungiwe dukani kama lilivyo, na Jumapili baada ya misa wananchi wakutane, mgawaji atoe maelezo. Kasian alikuwa amekwisha kukirudisha kisu mfukoni, na alitikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu anayewaza ni nani huyo anayeweza kuiba sukari.

Siku zile chache zilikuwa ndefu kwa Genoveva. Hakuwahi kuwa na kitu kikubwa. Hakuwa na ng'ombe wa jina lake wala nyumba ya bati. Alikuwa na lile jicho, na lile neno la tangu Tlawi, kwamba kikipita mikononi mwa Genoveva kimepita salama. Sasa akipita kisimani ndoo zilijaa haraka kuliko kawaida na wenye ndoo wakaondoka. Mtoto mmoja alimwita "mama sukari," akapigwa kofi na mama yake, lakini kofi lenyewe lilikuwa jepesi. Usiku alihesabu moyoni nyumba zote, gunia zima, mkono wake, na kila mara hesabu ilifika mahali pamoja ikakaa kitako kama lile gunia.

"Labda panya," Kasian alimwambia, akitaka kumfariji.

"Panya hula sukari ikapungua, Baba Emilian. Umewahi kumwona panya anayeileta?"

Ijumaa alishuka kijitoni kuchota maji. Ng'ambo, mke wa Gidamis, Udagwenga, alikuwa akinywesha ndama. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mikono yake imejaa bangili tangu kifundo mpaka karibu na kiwiko.

"Shikamoo, mama," Genoveva alimwamkia.

"Marahaba. Sura yako imepotea wapi leo?"

Udagwenga alikuwa ameinua mkono kumfukuza nzi, na kwenye mkono ule palikuwa na bangili moja mpya, pana, iliyong'aa kuliko nyingine. Juu yake ilikatwa mikato mitatu, miwili mirefu na mmoja mfupi katikati.

Akavuka kijito na viatu vyake.

"Mama, bangili hii nzuri. Umeipata wapi?"

"Mume wangu alinifulia. Alitaka kuzifuta hizi alama, nikamwambia aache, zinapendeza." Kisha akamtazama Genoveva vizuri, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Kwani yule mume wako hajakuambia? Wanaume wenu wana siri za ajabu. Wengine huficha wanawake, yeye anaficha kisu."

Ndoo ya Genoveva ilirudi nyumbani tupu. Kasian alikuwa anakula.

"Baba Emilian, kisu chako kina uzito gani?"

"Robo."

"Nani amesema?"

"Kamati."

"Kabla hujakipeleka kwa Gidamis, au baada?"

Tonge lilisimama njiani. Kasian alilirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akafikiri, na alipojibu alijibu kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililomwondolea mke wake nguvu za kugomba.

"Mama Emilian, sikiliza. Mimi nilipunguza uzito wa mfukoni. Uzito wa mizani sikuugusa. Kisu kilipitishwa kuwa robo, na kamati haijakaa tena kukitengua. Ukimkata nywele mwenyekiti, anaacha kuwa mwenyekiti?"

Genoveva alikaa kwenye kigoda. Alikusudia kulia, alikuwa na haki ya kulia tangu siku ya sukari, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kikamshika mpaka akajishikilia nguzo. Kasian akamtazama, na taratibu, kama maji yanayopanda mtungini, uso wake ukajaa ile hesabu: kisu chepesi, robo ndogo, gunia lililoketi, mke anayeitwa mwizi.

"Basi ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Na mimi niliyekataa kushona."

"Watasema nimeharibu mali ya kijiji. Na baba yangu… nimembandua mbavu."

"Jumapili nitasema ya sukari. Ya kisu utasema mwenyewe. Siwezi kukusemea, nitaonekana mke anayemtupia mume."

Usiku alisikika akiparura nyasi za paa.

Jumapili watu walijaa mbele ya duka, wengine juu ya mawe, wengine juu ya jembe la kukokotwa. Gunia lilitolewa, na mizani ikatundikwa kwenye boriti ya mlango. Nyuma kabisa, mbali kidogo na wengine kama watu ambao hawajaalikwa, walisimama Gidamis na Udagwenga. Genoveva ndiye aliyewaita.

Nikolausi alifungua mkutano, akawakumbusha wananchi kwamba Ujamaa ni uaminifu, akampa nafasi Ludovika. Ludovika akayasema yale yale, taratibu, na safari hii akaongeza.

"Tusimwonee mtu. Lakini kila mwenye macho aliona watoto wa nyumba ile walivyonenepa mwaka huu. Ugali tunakula wote. Wao wananenepa kwa nini?"

Genoveva aliinuka. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri, lakini lile la watoto lilimkaba. Akasimama mdomo wazi, na watu wakaanza kunong'ona, maana mtu anayekosa neno ni rahisi kumhukumu.

Hapo Kasian akasimama. Alikuwa amevaa shati la misani.

"Ndugu mwenyekiti, watoto wangu ni wanene kwa sababu bibi yao wa Tlawi ni mnene. Sukari iliyobaki ni yangu mimi." Watu wakaguna. "Sikuiba. Nilikipunguza kisu uzito bila idhini ya kamati."

Akaeleza yote: mfuko, kijito, ngozi ya ndama. Alieleza vibaya, akianzia katikati, lakini aliyamaliza. Kisha akatia mkono mfukoni kutoa msumari na pete alivyovitoa kwenye paa, na mfuko, uliokuwa haujapata kazi siku nyingi, ukapasuka papo hapo, vyuma vikaanguka miguuni mwa mwenyekiti kwa mlio. Mkutano mzima ukacheka, na kicheko kile kilifungua koo la Genoveva.

"Waone kwa macho," alisema. "Baba Emilian, laza kisu."

Kasian akalaza. Genoveva akamimina sukari upande wa pili mpaka mti ukasimama sawa. "Hii ndiyo robo mliyopewa." Akaokota msumari na pete, akavitupia juu ya kisu, mti ukainama kidogo. "Bado. Mama, karibu mbele."

Udagwenga alikuja taratibu, mkono ameukunja kifuani. "Nimesema njiani, narudia mbele ya watu," alisema. "Nawaazima. Siwapi. Shaba ikishalala mkononi mwangu ni yangu."

"Ni yako, mama."

Bangili ilikataa kutoka. Udagwenga akatoa kipembe cha samli kiunoni, akapaka, akavuta, Gidamis akasaidia, na watoto wakaanza kuimba kama wanaovuta ng'ombe kutoka matopeni. Ilipochomoka, Genoveva akaifuta kwa khanga, akawaonyesha watu ile mikato mitatu, akailaza juu ya kisu. Mti ukalala upande ule wote.

"Ludovika, dada yangu, njoo umimine wewe."

Ludovika alimimina. Kijiko, na kingine, na kingine tena, mpaka mti ukanyanyuka ukasimama. Akaitazama ile sukari aliyoongeza, akageuka akalitazama gunia lililoketi.

"Kila nyumba ilipungukiwa hii," alisema.

"Ndiyo iliyobaki guniani."

"Basi siku zote ilikuwa haibaki."

"Ndivyo nilivyosema."

Ludovika alifikiri. "Watoto wako lakini ni wanene," alisema, na wote wawili wakacheka, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Kutoka kwa Ludovika ilitosha.

Ile sukari ikagawanywa tena, kila nyumba nyongeza yake, mpaka gunia likaanza kulegea. Nikolausi alitaka kufunga mkutano. Lakini Udagwenga, mkono wake mtupu umenyooshwa ukingoja bangili, hakuondoka.

"Mwezi ujao mtaniita tena nije na shaba?"

"Tutakuita, mama," mwenyekiti akasema. "Bila wewe robo haitimii."

"Nitakuja kunusa?"

Nikolausi akaeleza kwa upole kwamba sukari ni ya waliohamia kijijini, na boma la Gidamis liko ng'ambo ya kijito.

"Ndugu mwenyekiti," Genoveva akauliza, "jiwe la mizani la kijiji hukaa wapi?"

"Hukaa kijijini. Wapi tena?"

"Basi kipande cha jiwe letu kinakaa kwenye mkono huu. Ama mkono huu uko kijijini, ama hatuna robo."

Mwenyekiti aliwatazama wanakamati, na wanakamati wakatazama viatu vyao. Ikapitishwa kwa kauli moja. Tatizo likabaki moja, kwamba gunia halikuongezeka kwa sababu ya kauli hiyo. Lilitosha nyumba zile tu. Kamati ikaona nyumba iliyokipunguza kisu ndiyo igawane robo yake na nyumba ya mhunzi, mpaka Katesh watakapoongeza. Genoveva akalikung'uta gunia, likajilaza chini, naye akatia nyongeza yake kwenye robo aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaigawa sawasawa mbele ya watu wote kwenye vibuyu viwili. Hakuna aliyesogea kuangalia fungu lipi limezidi.

Mwezi baada ya mwezi Kasian alivaa shati lake, lakini sasa alitanguliwa na Udagwenga na kipembe cha samli, na watu walikuja mapema ili wasiikose bangili ikitoka. Nyumbani, Kasian alikunywa chai akakunja uso.

"Chai hii nyepesi."

"Ulitaka vitu vyepesi," Genoveva alimjibu, akamwongezea maji.

Jiwe la kweli lilikuja kutoka Katesh watoto wa mwaka ule walipokuwa wameanza shule. Kabla halijaanza kazi, watu walitaka lipimwe na kisu, msumari, pete na bangili. Mti ulisimama sawa, ila uliinamia kidogo, kidogo sana, upande wa kisu, labda kwa samli ya bangili. Genoveva alisema jiwe limelika njiani, na hapakuwa na mtu wa kumbishia. Udagwenga akaivaa bangili yake mara ya mwisho mbele ya duka, akachukua robo yake nzima, maana boma lake lilikuwa limehesabiwa, akavuka kijito.

Kasian alirudi nyumbani akiwa mnyonge, kama kiongozi aliyestaafishwa. Genoveva alimwomba suruali. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaukata mfuko wa kulia wote, akaweka mwingine wa ngozi ya mbuzi, akaushona kwa ukano mara mbili. Alipomaliza alitia ndani kisu, kisha msumari, kisha pete.

"Vya nini hivyo?" Kasian aliuliza. "Kazi ya robo imekwisha."

"Bega lako limenyooka mno. Siku hizi ukija kwa mbali sikujui, ugali unachelewa."